Helikopta Kumi na Mbili Zatafutiwa Adui

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani ya ukutani pale ofisini na sikuiona, ingawa ni kweli kwamba nusu ya ramani hiyo imefunikwa na picha ya Kiongozi Mkuu. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kusema, "Huyu namjua." Humjui. Hata mimi niliyemwandikia kumbukumbu zake za vikao sina hakika kama namjua.

Mambo yalianzia kwenye kofia. Kiongozi Mkuu alialikwa na nchi jirani kwenye sherehe zao za uhuru. Akiwa ameketi jukwaani, zikapita helikopta mbili za mashambulizi, chini chini, na upepo wa mapanga ukaibeba kofia yake hatua thelathini, hadi miguuni kwa wapiga tarumbeta. Majirani waliirudisha. Walikuwa wameipangusa vumbi, na wengine wanasema waliipiga hata pasi. Wema huo ulimuumiza kuliko kama wangeikanyaga.

Aliporudi aliunda Kamati ya Taifa ya Kuchagua Helikopta za Mashambulizi. Wajumbe walikuwa tisa. Sifa iliyotakiwa ni uzalendo, na wote tisa walikuwa na vyeti vyake. Mwenyekiti alikuwa Jenerali Makunzo, mtu wa sauti nene na kifua chenye medali nyingi, zote za wakati wa amani. Makamu wake alikuwa Mheshimiwa Ngwalala, Naibu Waziri wa Ulinzi na Sherehe. Mimi nilikuwa karani. Kiti changu kilikuwa nyuma ya mlango, kando ya chupa za chai, na mlango ukifunguliwa sikuonekana kabisa. Karani haruhusiwi kusema neno kikaoni, isipokuwa anaposoma kumbukumbu za kikao kilichopita na yatokanayo. Utaratibu huo ulinifaa sana.

Lazima nieleze pia habari ya mawe, kwa sababu mgeni asiyeyajua anaweza kujikwaa.

Katika nchi yetu hakuna jambo linaloanza bila jiwe la msingi, na hakuna awezaye kuliweka isipokuwa Kiongozi Mkuu kwa mkono wake. Shule ina jiwe. Kisima kina jiwe. Kamati yetu ilikuwa na jiwe lake katikati ya ukumbi, na tulikuwa tunalizunguka tukienda kuketi. Mara nyingi jiwe hufika na kile kilichokuwa kifuate baada yake hakifiki, lakini hiyo si hoja, kwa sababu Sheria ya Mawe inalinda jiwe tu. Atakayeligusa, kulihamisha au kulichafua jiwe lililowekwa na Kiongozi Mkuu, au kufanya jambo lolote la hatari ndani ya hatua mia mbili kulizunguka, kifungo chake ni miaka thelathini. Kule kaskazini mbuzi mmoja alijikuna kwenye jiwe la chuo kikuu. Alikaa rumande wiki sita, akatoka kwa kudhaminiwa na mbuzi wawili wenye makazi ya kudumu.

*

Wauzaji walikuja watatu, kutoka pande tatu za dunia. Helikopta ya kwanza iliitwa Mwewe, ya pili Radi, ya tatu Nyigu. Kila muuzaji alikuja na picha kubwa za rangi na peremende kwenye bakuli.

"Mwewe," alisema muuzaji wa kwanza kupitia mkalimani wake, "inaweza kupiga shabaha yenye ukubwa wa ndoo kutoka kilomita nane."

Mheshimiwa Ngwalala akanyoosha kidole. "Ndoo ya bati au ya plastiki?"

Muuzaji akanong'onezana na mkalimani. "Yoyote, Mheshimiwa."

"Hapana, bwana. Hapo unatudanganya. Ya plastiki ni nyepesi." Akawageukia wenzake. "Muwe macho na hawa watu."

Mjumbe mmoja aliuliza kama Radi ina mahali pa kuweka chupa ya chai. Mwingine aliuliza kama Nyigu inaweza kutua kwenye harusi bila kubomoa turubai. Jenerali aliomba kuketi ndani ya kila moja. Katika Mwewe alienea. Katika Radi alienea akishusha pumzi. Katika Nyigu alienea, lakini kumtoa kuliwachukua mafundi saa moja na sabuni ya kufulia, na alipotoka alisema ni ndege imara.

Kisha wakamwita Kapteni Rehani. Huyu ndiye rubani wa helikopta wa jeshi letu. Sisemi mmoja wa marubani.

"Kapteni," alisema Jenerali, "wewe ndiye mtaalamu. Zungumza bila woga."

"Afande, tunanunua ngapi?"

"Kumi na mbili."

Kapteni aliangalia mikono yake, ya kulia kisha ya kushoto. "Nitarusha ipi kwanza, Afande?"

"Utazirusha kwa zamu. Wewe bado kijana."

"Ndiyo, Afande."

Niliandika: *Rubani aliridhia.*

*

Kazi ingeishia hapo kama isingekuwa Fomu Namba Saba.

Bodi ya Zabuni hainunui kitu, hata kifutio, bila fomu hiyo. Ina safu nne: Jina la Bidhaa, Idadi, Matumizi na, kwa vifaa vya kijeshi, Adui. Tulijaza tatu za kwanza. Bodi ikairudisha ikiwa na mhuri mwekundu: *Safu ya nne iko wazi. Haipokelewi.*

Fomu ilizungushwa mezani, kila mjumbe akaitazama ile safu.

"Adui wetu ni nani?" aliuliza Jenerali.

Wajumbe walitazamana, kila mmoja akiogopa kutajwa.

"Ujinga, maradhi na umaskini," alijaribu mjumbe mmoja wa umri mkubwa.

"Hao hawapigiki kwa helikopta, mzee wangu," alisema Mheshimiwa Ngwalala. "Tumeshawapiga kwa hotuba miaka arobaini."

Ikaamuliwa tuwaandikie majirani. Mimi ndiye niliyeziandika barua hizo, kwa mwandiko wangu uliotulia, maana mwandiko ndio ulionipa kazi. Tuliuliza kwa heshima kama kuna nchi ambayo ingekuwa tayari kuwa adui wetu kwa kipindi cha miaka mitano, kipindi hicho kikiweza kuongezwa kwa makubaliano ya pande mbili.

Jirani wa kaskazini alijibu kwamba anashukuru sana kwa kufikiriwa, lakini mwaka huu tayari anaye adui, na watu wake hawapendi kuchanganya. Wa mashariki alidhani tumefiwa, akatuma mchele na kanga za msiba. Wale wenye helikopta, walioipiga pasi kofia, walijibu kwamba wao wanatupenda. Jenerali alikaa na barua hiyo mkononi kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akitafuta tusi ndani yake.

Hapo ndipo Mheshimiwa Ngwalala aliposimama na faili la kijani.

"Ndugu wajumbe, tunahangaika kutafuta nje na kumbe ndani tunao. Kuna kijiji kinaitwa Lumbasa, ng'ambo ya Mto Sungwi. Hawa watu wameiandikia serikali barua kumi na nne. Kumi na nne! Wanaomba daraja."

"Kuomba daraja ni uadui?" aliuliza Kapteni Rehani, aliyekuwa ameachwa akae mwishoni mwa meza.

"Kapteni, mtu akikuomba mara moja ana shida. Akikuomba mara kumi na nne ana mpango." Akafungua barua ya mwisho. "Sikilizeni maneno haya. 'Sisi wananchi wa Lumbasa tumechoka.' Tumechoka! Nawauliza, mtu aliyechoka hatua yake inayofuata ni ipi?"

"Kulala," alisema Kapteni.

"Kuasi!" alisema Mheshimiwa Ngwalala, na wajumbe wakapiga meza.

Aliiinua ile barua ili wote waione. Ilikuwa karatasi ya daftari yenye mistari, na herufi za "g" zilikuwa na mikia mirefu iliyojikunja kama ya mjusi. Mikia hiyo niliifahamu. Chini yake kulikuwa na jina la katibu wa kijiji, Bi. Mwanahija. Ni mama yangu. Aliyenifundisha mwandiko ni yeye.

"Karani," alisema Jenerali bila kugeuka, "jaza safu ya nne."

Nikajaza. *Adui: Lumbasa.* Mkono wangu ulifanya kazi vizuri kama kawaida, na hilo sijalisahau.

Waliendelea kwa furaha, maana mlango ukishafunguka kila mtu huona njia. Kwa kuwa adui amepatikana, wauzaji wote watatu wafanye maonyesho juu yake Jumamosi ijayo, na atakayefanya vizuri zaidi apewe zabuni. Niliagizwa kuwaandikia wanakijiji: *Mnaarifiwa kwamba Jumamosi saa nne asubuhi mtakuwa adui wa taifa kwa muda wa dakika arobaini na tano. Mnaombwa kuwepo majumbani mwenu na kutoa ushirikiano. Mnatakiwa kuvaa nguo za rangi zinazoonekana.*

Ilikuwa Jumanne.

*

Wakati wa mapumziko ya mchana nilijifungia katika chumba cha vifaa vya usafi na kumpigia mama simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Siwema. Unakula?"

"Nakula. Mama, nisikilize. Ondokeni hapo kijijini. Wote. Kabla ya Jumamosi."

"Tuondoke twende wapi?"

"Popote. Zinakuja helikopta za jeshi kupiga mabomu. Mmeandikwa kuwa adui."

"Adui wa nani?"

"Wa taifa."

"Haya makubwa. Juzi tulikuwa chimbuko la ushindi, Kiongozi Mkuu alisema mwenyewe hapa uwanjani." Nikasikia akimfukuza kuku. "Sasa wewe msomi, niambie. Mto umejaa, juzi umembeba ng'ombe wa Mzee Chagusa. Nyuma yetu jabali. Tukitaka kuondoka tupite wapi? Tulishawaandikia habari ya daraja."

"Najua, mama."

"Mara kumi na nne."

"Najua, mama. Ndiyo hizo hizo barua."

"Basi wakija na hizo ndege zao waje na mbao." Alikuwa anatania, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Usilie bwana. Ngoja kwanza nikatoe mahindi, naona wingu. Nimeyaanika juu ya jiwe la zahanati, ndipo palipo pakavu."

"Mama, usianike kitu juu ya jiwe! Ni miaka thelathini! Ndani ya hatua mia mbili huruhusiwi hata…"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Hata nini?" aliuliza mama. "Siwema? Umekatika?"

"Mama, hapo kijijini kuna mawe mangapi?"

*

Ijumaa kilikuwa kikao cha mwisho. Wauzaji watatu walialikwa, pamoja na wakalimani wao. Ukutani palitundikwa ramani ya Lumbasa na kila nyumba imetiwa nambari. Ya mama ilikuwa ishirini na mbili.

"Ajenda ni moja, maonyesho ya kesho," alisema Jenerali. "Karani, soma kumbukumbu na yatokanayo, haraka haraka, chai inapoa."

Nikasimama nyuma ya mlango na kusoma. Nilipofika kwenye yatokanayo, nilifungua faili nililoliomba masijala siku mbili kabla.

"Yatokanayo na kikao namba tisa, kuhusu adui," nilisoma. "Masijala imethibitisha kwamba katika kijiji cha Lumbasa kuna jiwe la msingi la daraja, lililowekwa na Kiongozi Mkuu kwa mkono wake."

"Sauti, karani!" alisema mjumbe mmoja. "Unatusomea au unajisomea?"

"Lililowekwa na Kiongozi Mkuu kwa mkono wake. Pia kuna jiwe la msingi la zahanati, lililowekwa na Kiongozi Mkuu kwa mkono wake. Pia la shule ya sekondari. Pia la kisima. Pia la daraja."

"Daraja umeshasoma."

"Hili ni la pili, Afande. La kwanza lilikuwa la uchaguzi uliopita."

Niliendelea hadi la kumi na moja, ambalo ni la kiwanda cha juisi. Nilipomaliza sikuketi.

"Kumi na moja?" alisema Jenerali. Jasho lilikuwa limefika kwenye medali ya kwanza. "Kwa kijiji kimoja?"

"Ni kijiji chenye uwanja mzuri wa mikutano, Afande."

Kapteni Rehani alimgeukia muuzaji wa Mwewe. "Bwana, hiyo ndege yako inayopiga ndoo. Inaweza kupiga kijiji bila kufanya jambo lolote la hatari ndani ya hatua mia mbili kuyazunguka mawe kumi na moja?"

Mkalimani alitafsiri. Muuzaji aliitazama ramani, kisha akafunga bakuli lake la peremende.

Mheshimiwa Ngwalala hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliomba bikari, akachora duara kuzunguka kila jiwe, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi. Duara la shule lilimeza nyumba tisa. La kisima likameza msikiti na kanisa. Nyumba namba ishirini na mbili ilimezwa mara tatu. Alipomaliza, Lumbasa ilikuwa madoa matupu.

"Hapa!" alipiga kelele. "Hapa pamebaki kipande!"

Wote wakasogea, pamoja na wauzaji. Upande wa magharibi, kati ya duara la zahanati na la kiwanda cha juisi, palikuwa na kipande cheupe chenye upana wa ukucha.

"Pana nini hapo?" aliuliza Jenerali.

Hakuna aliyejua. Na mimi sikuwa nasoma tena kumbukumbu, kwa hiyo nilichofanya kilikuwa nje ya utaratibu. Nilisema, "Zizi la mbuzi, Afande."

"La nani?"

"La Bi. Mwanahija. Mbuzi sita."

Wakajadili kwa saa nzima kama zizi linaweza kuwa adui. Mheshimiwa Ngwalala aliona linaweza, kwa kuwa mwenye zizi ndiye aliyeandika zile barua. Mjumbe mwingine alitaka kujua kama mbuzi hao wana uhusiano wowote na yule wa chuo kikuu. Mwishowe Jenerali alisema kwa huzuni kwamba helikopta kumi na mbili kwa mbuzi sita ni helikopta mbili kwa kila mbuzi, na majirani wakisikia watacheka. Neno majirani lilimaliza mjadala.

"Sasa safu ya nne tunaandika nini?" aliuliza.

Wakampigia simu mtu wa Bodi ya Zabuni. Alijibu akitafuna. Alisema Bodi haijali kilichoandikwa, ilimradi safu isiwe wazi. Hata "itajazwa baadaye" inatosha.

"Kwa nini hamkusema tangu mwanzo?"

"Hamkuuliza."

Nilifuta jina la Lumbasa kwa kifutio ambacho nacho kilinunuliwa kwa Fomu Namba Saba, nikaandika: *Adui: Itajazwa baadaye.* Kisha wauzaji wakapelekwa uwanjani kufanya maonyesho ya aina nyingine. Jenerali alisimama chini ya kila helikopta akiwa amevaa kofia yake. Mwewe iliipeleka hatua ishirini na sita. Radi, ishirini na tisa. Nyigu iliipeleka hatua arobaini na moja, ikavuka ukuta, na hadi leo haijapatikana. Wajumbe walikumbatiana. Nyigu kumi na mbili ziliagizwa siku hiyo hiyo.

*

Nilimweleza mama yote kwa simu, hata habari ya kipande cheupe.

"Zizi langu?" alisema. "Yaani kijiji kizima kimepona, limebaki zizi langu?"

"Ndiyo, mama."

"Hebu kata simu."

Baada ya wiki moja ilifika barua ya kumi na tano kutoka Lumbasa. Ilikuwa na mikia ile ile ya mjusi. Ilisema kwamba wananchi wamefurahishwa mno na ununuzi wa helikopta, hawana tena haja ya kusumbua watu na habari za daraja, na wanaomba kwa unyenyekevu Kiongozi Mkuu awawekee jiwe la msingi la helikopta hizo, pale penye zizi la mbuzi. Barua kumi na nne zilikuwa hazijajibiwa kwa miaka tisa. Hii ilijibiwa kwa siku nne.

Kiongozi Mkuu alifika. Mto ulikuwa umepungua kidogo, akavushwa mabegani mwa vijana sita wa Lumbasa. Katikati ya maji aliangalia kulia na kushoto, akauliza kwa nini hapa hapana daraja. Wakamjibu kwamba lipo jiwe. Akasema, "Vizuri."

Aliweka jiwe la kumi na mbili, akapigiwa vigelegele. Mbuzi walihamishiwa penye jiwe la kiwanda cha juisi na wanafundishwa adabu.

Habari zilienea, kama ilivyo desturi ya habari. Siku hizi masijala yetu imejaa barua. Hakuna kijiji kinachoomba daraja tena, wala zahanati, wala mwalimu. Wote wanaomba jiwe. Mheshimiwa Ngwalala amesema bungeni kwamba hii ni dalili ya wananchi walioelimika.

Helikopta zimefika na zimepangwa mstari mmoja uwanjani. Kapteni Rehani huwasha injini ya moja kila asubuhi, kwa zamu, ili nyingine zisione wivu. Na Fomu Namba Saba imerudishwa kwangu kwa kuhifadhiwa. Iko kwenye droo ya juu, safu ya nne ikiwa na maneno yale mawili, kwa mwandiko mzuri.

Jana mama aliniuliza, "Siwema, hiyo baadaye ni lini?"

Nikamwambia sijui, hawajapanga.

"Na hiyo sheria ya mawe, inamlinda na mtu aliyesimama tu pale, hana kazi yoyote?"

"Simama karibu, mama," nilimwambia. "Ukianika mahindi, anika kando yake, na wewe ukae hapo hapo."